Maswali ya wasomaji: kitunguu saumu pori

SWALI: Ninaishi Bristol, Uingereza. Mwezi wa nne nilisia mbegu za kitunguu saumu pori (Allium ursinum, mmea wa misitu ya Ulaya unaoliwa majani) kwenye chungu, hadi leo kimya. Mbegu mbovu?

JIBU: Si lazima. Mbegu hizi haziamki mpaka zipigwe na baridi ya kipupwe, na nyingine hulala hadi miaka miwili. Kiache chungu nje kivulini, udongo usikauke. Ukitaka haraka, nunua miche yenye majani mabichi, uipande chini ya mti unaopukutisha majani, vitunguu vikae sentimita 5 hadi 8 ardhini. Vitunguu vikavu vya dukani viepuke: havina maganda ya kuvilinda kama saumu ya sokoni, hufa upesi. Na usiende kung'oa msituni; sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza bila ruhusa ya mwenye ardhi.

SWALI: Jirani anasema jani likinuka saumu, ndilo. Kweli?

JIBU: Jani la kwanza, sawa. Ukishachuma matano vidole vyako vinanuka, na la sita litanuka saumu hata kama ni sumu. Angalia linakotokea. La saumu pori ni laini, na kila moja lina kikonyo chake kutoka ardhini. Mimea miwili ya sumu hufanana nacho. Convallaria majalis, yenye maua ya kengele nyeupe, hutoa majani mawili yaliyokumbatiana kwenye shina moja. Colchicum autumnale ina majani magumu yasiyo na vikonyo. Hiyo imeshaua watu Ulaya, na kuipika hakuondoi sumu. Chuma jani moja moja, kamwe si kwa konzi.

SWALI: Nikiyatia majani hayo kwenye mchuzi ladha inapotea.

JIBU: Moto ndio unaoimaliza. Epua mchuzi kwanza, nyunyiza majani yaliyokatwakatwa, funika dakika moja. Kwa sosi ya kusaga: majani gramu 100 yaliyooshwa na kukaushwa kabisa, korosho za kukaanga gramu 50, mafuta mililita 120, chumvi, ndimu. Saga kwa vipindi vifupi, blenda isipate joto. Weka kwenye friji, ule ndani ya siku chache, inayobaki igandishe. Isikae kabatini: ndani ya mafuta, pasipo hewa, bakteria wa botulismi (ugonjwa hatari wa sumu ya chakula) huweza kuzaliana bila kubadili harufu.

SWALI: Mombasa kitaota?

JIBU: Hapana, hakuna baridi ya kukiamsha. Chomeka punje za saumu ya kawaida kwenye kopo lililotobolewa chini, ukate majani yakifika sentimita 15.