Ile ya sungura na bata wanabishana mbele ya mwindaji

We uliyeuliza jina la ile katuni ya sungura na bata wanabandua matangazo ya msimu wa kuwinda mtini, ni Rabbit Fire ya 1951, Chuck Jones ndo dairekta. Sungura Bugs Bunny na bata Daffy Duck wanasukumiana kifo mbele ya mwindaji Elmer na bunduki yake, huyu anasema msimu wa sungura yule anasema wa bata, we, wanavutana hapo mpaka ghafla Bugs anageuza kibao, anasema yeye "msimu wa sungura" na Daffy kwa ubishi wake anadakia wa bata, piga! Basi anachapwa yeye, mdomo unazunguka huko kisogoni 😂 Mwisho wakibandua tangazo la mwisho kumbe ni msimu wa Elmer mwenyewe, wanamgeukia yeye sasa.

Ila kuna na Rabbit Seasoning ya 1952, na yenye theluji ni ya 1953, maana ziko tatu na watu wanazichanganya kinoma. Zilitengenezwa kwa ajili ya sinema, kwenye tivii zilionyeshwa baadaye. Mi naipa ya kwanza, Daffy alivyo mbishi pale hana mpinzani