Nimewamba kamba juu ya bwawa, mbona bata bukini bado wanaingia?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natunza mazingira ya nyumba za kupanga hapa Columbus, Ohio. Tuna bwawa la kukusanyia maji ya mvua, upana mita 24, urefu mita 40. Mwezi Mei niliwamba mishipi ya kuvulia samaki juu ya maji, ile isiyo na rangi, kila baada ya mita 9, usawa wa kifua. Bata bukini wa Kanada walipotea siku tatu tu. Sasa tumeingia wiki ya tatu ya Juni na wapo 12 pamoja na vifaranga, wanaogelea chini ya kamba bila wasiwasi, na wapangaji wanalalamikia kinyesi njiani. Je, nipunguze nafasi iwe mita 3? Na kamba hizi zinaweza kumsaidia baba yangu Morogoro, ambaye ndege wanammalizia perege?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kamba nyingine kwanza. Kesho alfajiri simama mbali kidogo utazame wanavyoingia. Nina hakika hutaona hata mmoja akitua majini. Watatoka kwenye nyasi zenu na kushuka ukingoni kwa miguu, mzazi mbele, vifaranga katikati, mzazi mwingine nyuma. Kamba iliyo usawa wa kifua chako haimgusi ndege anayetembea.

Kamba hizi si mtego. Bukini ni ndege mzito. Dume kubwa hufika kilo 5 na zaidi. Hashuki wima kama njiwa. Huja kwa mteremko mrefu, mabawa wazi, miguu mbele, na akitaka kuondoka mara nyingi hukimbia juu ya maji kabla ya kupaa. Kamba zinamnyima uwanja wa kutua, na zaidi ya hapo zinamnyima njia ya kukimbia mbwa au mbweha akitokea. Mahali asipoweza kupaa upesi, hatulii.

Sasa angalia kalenda. Kuanzia katikati ya Juni hadi Julai, bukini wakubwa hupukutisha manyoya yote ya mabawa kwa pamoja, na kwa majuma kadhaa hawaruki kabisa. Vifaranga wao nao hawajaota ya kurukia. Ndege wa namna hiyo haulizi kama kuna nafasi ya kupaa. Anataka maji tu, yawe kimbilio, karibu na nyasi fupi za kula. Bwawa lenu limempa vyote viwili, na ndiyo maana hata ukisogeza kamba kila mita 3 wiki hii, watabaki.

Kinachokosekana ni uzio. Nimeona watu wakigharimika sana kwa kamba huku ukingo wote uko wazi, na hilo linaniuma, kwa sababu uzio ndio kazi rahisi kuliko zote. Wavu wa waya wa kimo cha sentimita 75 unatosha, matundu madogo kiasi cha kifaranga kutopenya, uzunguke bwawa lote. Penye mlango wa kuingizia na kutolea maji usiuzibe, maana takataka zitanasa kwenye wavu na mvua kubwa italeta mafuriko. Waulize pia wenye nyumba kabla ya kuchimbia nguzo kwenye tuta. Mabwawa ya aina hii huwa na masharti ya mifereji.

Lakini nakuomba sana: usifunge uzio huo sasa. Ukiufunga wakiwa ndani hawawezi kuruka watoke, na utakuwa umefungia familia nzima. Subiri Agosti, wanaporuka tena, uwafukuze kwa kelele au mbwa aliyefungwa kamba, ndipo ufunge. Kumbuka wanalindwa na sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Kuwazuia au kuwatisha bila kuwadhuru hakuhitaji kibali cha serikali kuu, ila kiota na mayai usiguse kabla ya mmiliki wa ardhi kujiandikisha kwa idara ya shirikisho ya samaki na wanyamapori, na kuuliza masharti ya jimbo.

Tukirudi kwenye kamba, mita 9 ni pana mno. Anza na mita 6, pande zote mbili, zikatane mraba. Kwa bwawa lako ni kamba 6 za kukata upana na 3 za kufuata urefu. Juu ya maji peke yake ni mita 264. Ongeza za kufungia kwenye vigingi, nunua kama mita 320. Ukienda moja kwa moja kwenye nafasi ya mita 3, juu ya maji tu ni mita 592, na huenda usizihitaji kamwe. Zikishindwa baada ya uzio kukamilika, ndipo uongeze moja katikati ya kila mbili.

Zishushe: sentimita 30 hadi 45 juu ya maji, ukipima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji hufika baada ya mvua, si kiwango cha leo. Kila kamba iwe na vigingi vyake yenyewe, ili moja ikikatika nyingine zisilegee. Zivute kwa nguvu ya mkono tu. Iliyokazwa mno hukatika barafu inapoing'ang'ania. Zinapokatana, zifunge zisisuguane. Mshipi mwembamba wa nailoni huliwa na jua haraka. Kamba ya kevlar, nyuzi za viwandani zenye nguvu sana, ni nyembamba vilevile lakini imara zaidi.

Usiziache zisionekane. Funga vipande vya utepe wa rangi kali kila baada ya mita chache. Lengo letu bukini azione akiwa bado angani abadili nia, na mbayuwayu au korongo asijigonge. Weka pia kibao kwa ajili ya watu, hasa watoto wanaojaribu kuteleza kwenye barafu, na uwaoneshe zimamoto mahali pa kuzikatia wakihitaji kuokoa mtu.

Zote ziwe tayari kabla ya mwisho wa Februari. Machi wanaanza kutafuta viota, na jike aliyekwisha kutaga hung'ang'ania. Wakati huohuo acha nyasi za ukingoni zirefuke, kwani bukini hapendi mahali asipoona adui, na wapangaji waache kabisa kuwarushia mkate.

Kwa mzee wako Morogoro, hapana, nafasi hizi hazitamsaidia. Mdiria, ndege mdogo mla samaki, hupiga mbizi wima na kupita katikati ya kamba kirahisi, na mnandi, ndege mzamiaji anayekula samaki pia, mmoja mmoja hujifunza kupenya. Kwake afunike kwa wavu, aanze na bwawa la vifaranga vya perege, maana hao ndio mdiria humeza kwa urahisi. Wavu uwambwe ukakamae juu ya maji, usilale ukalegea, la sivyo ndege watanasa na kufa humo.