Re: Downloads inajipanga kwa tarehe tu

Mkuu, umeuliza kwa nini folda ya Downloads kwenye Windows inaweka mafaili chini ya "Today", "Last week" na kadhalika, hata ukibofya Name. Shida hapo ni makundi, siyo mpangilio. Ndiyo maana A hadi Z inaanza upya kila kundi. Bofya kulia sehemu tupu, chagua Group by, halafu None. Kisha Sort by, Name. Kwisha kazi.

Ile "Apply to Folders" (kitufe cha Folder Options, kwenye View, cha kupeleka mwonekano wa folda moja kwa nyingine) usiitegemee sana, inagusa folda za aina moja tu.

Mimi folda ninazofungua kila siku naziandika _Ankara, _Picha. Kistari hicho cha chini (_) kinazipandisha juu. Namba usihangaike na 01, 02. Windows inajua 2 inatangulia 10.