Ungekuja Hapa Kwanza

Jumapili usiku nikianika uniform za watoto simu ikalia, meseji ya mama mmoja wa Mwiki mwenye husoma hizi vitu zangu. Ameandika bila nukta hata moja. Binti yake ako na miaka 14, mimba ya miezi miwili, mwenye alimfanyia ni mtu wao wa karibu na tayari wazee wameanza kuitana vikao. Akaniuliza, "dada nimeskia kuna mama hapa nyuma ya steji anasaidia wasichana, elfu tatu tu, naogopa nikienda hospitali polisi watashika mtoto wangu nifanye nini."

Nilimpigia hapo hapo. Na nawaandikia nyinyi wengine kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu huo uoga wake ndio karibu uniulie mtoto 2021.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anakaa na mimi Kayole. Dada yangu ako ushago, aliniachia huyo msichana akiwa darasa la tano akaniambia sasa huyu ni wako. Miaka 15, mtoto wa kunyamaza, mtoto wa kuosha vyombo bila kuambiwa. Siku moja nafagia chini ya kitanda napata pakiti mbili za pedi zenye nilikuwa nimemnunulia, ya mwezi huo na ya mwezi uliopita, zote hazijafunguliwa. Nikakaa kwa sakafu nimezishika. Alipotoka shule nikamuuliza, akaangalia viatu, nikamzaba kofi. Kabla hata ya kumuuliza ni nani. Alishanisamehe lakini mimi bado sijamalizana na hiyo kofi.

Mwenye alimpa mimba alikuwa keateka wa ploti. Yule anakusanya kodi na anashika funguo ya tangi, maji ikipotea kila mtu anaenda mlangoni kwake na mtungi. Na ni mimi nilikuwa namtuma huko na mtungi.

Sasa kichwani mwangu sheria ilikuwa neno moja tu, jela. Huku mtaani hiyo sehemu kila mtu anaijua: mwenye kutoa mtu mimba miaka 14, msichana mwenyewe miaka 7, mwenye kupeana dawa miaka 3. Iko kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 158 hadi 160, na bado iko. Kwa hivyo nikatafuta mlango wa nyuma. Mwanaume wa kemisti, shilingi 3,500, pazia ya maua, karatasi ya nailoni juu ya meza. Mimi ndio nilikaa nje nimeshika bag yake ya shule.

Usiku wa pili homa. Usiku wa tatu godoro limelowa na mimi bado nasema tungoje kukuche, tungoje, kwa sababu ya polisi. Saa kumi alfajiri akaanza kuniita mama. Huwa ananiita anti. Hapo ndio nilimbeba mgongoni hadi barabarani.

Hospitali ya serikali. Nesi wa kwanza alituongelesha vibaya mbele ya benchi nzima, mtoto anatetemeka ndani ya leso unamuuliza kama alidhani ni mchezo, hiyo inaniuma hadi leo. Lakini baada ya kutibiwa akakuja klinikal ofisa mmoja, mzee wa makamo, akavuta kiti akakigeuza kikaangalia mtoto, sio mimi. Akamuuliza jina. Akamuuliza nani. Halafu akamuuliza, "na wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?" Mtoto akaniangalia kwanza, kama anaomba ruhusa. Siku zote hizo hakuna mtu alikuwa amemuuliza.

Mimi akaniita kwa korido akaniambia maneno manne tu. Mama, ungekuja hapa kwanza.

Wacha niwaambie kile aliniambia na kile nimeenda kusoma mwenyewe tangu hiyo siku. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai unaanza mimba inapotungwa na kutoa mimba hairuhusiwi. Mimi ni mtu wa kanisa na sijakuja kubishana na hiyo. Lakini soma hadi mwisho, kuna isipokuwa: kama mhudumu wa afya aliyefunzwa anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine inaruhusu. Sheria ya Afya ya 2017 ikasema huyo mhudumu ni nani, daktari, klinikal ofisa, nesi ama mkunga, aliyesomea hiyo kazi na ako na leseni. Sio mama wa nyuma ya steji. Na Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu hapa Nairobi waliamua kesi ya msichana aliyenajisiwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, figo zikaharibika, akafa 2018 kabla uamuzi utoke. Wakasema mimba ya ubakaji ama unajisi inaweza kutolewa kisheria kama mhudumu aliyefunzwa anaona inahatarisha maisha ya msichana au afya yake, na afya hapo si mwili peke yake, akili pia. Hiyo ni miaka miwili kabla yetu. Miaka miwili! Nilisomea hiyo kesi kwa matatu nikalia watu wananiangalia.

Na hata kama umeshakosea kama mimi, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Usingoje kukuche.

Wazee walikuja, ndio. Wakaniambia nichukue elfu arobaini na miezi miwili bila kodi, mambo yaishe. Nilikuwa na deni la kodi na bado nikakataa, na hilo najivunia mbele ya mtu yeyote. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema mtoto wa miaka 12 hadi 15 akinajisiwa ni kifungo kisichopungua miaka 20, wa 16 na 17 ni 15, wa 11 kushuka ni maisha. Ati alikubali? Mtoto hana kukubali. Na kesi ikishafika kotini si yenu kuiondoa, hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mambo ya kotini sitawachosha, ilichukua zaidi ya miaka miwili, akafungwa 20.

Wazazi tuambiane ukweli. Tunaogopa majirani kuliko tunavyoogopea watoto wetu, tunauza watoto kwa vikao tunaita amani. Acheni. Kama imetokea juzi, kimbia hospitali ndani ya masaa 72 apate dawa za kuzuia ukimwi, na za kuzuia mimba ni ndani ya siku tano, mapema ndio bora. Usimuoshe, nguo weka kwa karatasi ya khaki. Polisi na P3, ile fomu yao yenye daktari hujaza, zitafuata, hospitali kwanza. Hujui pa kuanzia piga 116, ni bure, ni laini ya watoto. Kama ni mimba tayari, hospitali kwanza. Kama anaamua kuzaa, shule bado ni yake, kifungu cha 53 cha Katiba hakimuondoi mtoto darasani kwa sababu ya tumbo. Na muulize yeye. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka asikizwe, mkalishe umuulize halafu unyamaze ajibu.

Yule mama wa Mwiki ameniandikia tena leo asubuhi. Walifika hospitali jana, wameongea na daktari, mtoto aliingia peke yake kwanza. Kile wameamua ni chao, sijauliza. Ameniambia tu mtoto amekunywa chai, kikombe kizima, mara ya kwanza tangu Alhamisi.