Jibu: Povu la kuumuka ndani ya bodi ya basi dogo

Ndugu, umeuliza kama povu la poliyurethani (aina ya plastiki inayoumuka na kukauka), likijazwa kati ya bati la nje na la ndani la basi dogo unaloliunda, litapunguza kelele. Litasaidia kidogo tu, kwa sababu ni jepesi mno kuzuia mngurumo wa injini. Bati linalotetemeka hutulizwa vizuri zaidi na shiti za lami au za butili (aina ya mpira) zilizobandikwa juu yake baada ya kusafishwa mafuta. Kinachonitia hofu hasa ni kutu: povu likiziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango, maji hutuama humo na kula bati. Tafadhali maliza kwanza kuchomelea, kwani povu hilo likiungua hutoa moshi wenye sianidi, sumu kali. Kwenye nguzo za bodi zenye uwazi ndani linafaa, ila pulizia kidogo kidogo, maana likiumuka kwa wingi hubenua bati jembamba.