Yule mzee wa pikipiki, Kibaigwa
Dada, uliyeuliza kama yule mzee wa Honda nyekundu pale soko la mahindi Kibaigwa, mkoani Dodoma, bado yupo: tulimzika mwaka jana. Alipigana Vita vya Kagera, wakaingia Kampala Aprili 1979, ila ukimgusia vita anakusimulia miguu ilivyovimba kwa kutembea tu, halafu anacheka. Alichoringia ni pikipiki, na kiti chenyewe kimefungwa kwa mpira wa tairi! Akiona watoto wa shule mbele anazima injini, anaserereka kimya mpaka nyuma yao, kisha anapaza salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Wanatawanyika kama vifaranga. Nami nilishakimbia hivyo. Siku ya mazishi bodaboda walipiga honi mpaka makaburini. Mchungaji akashindwa kujizuia, akacheka.