Kujiamini kwenye besiboli si kisingizio

Wapo wanaosema mchezaji wa besiboli anayedai amepoteza kujiamini anatafuta kisingizio tu. Hapana, si kisingizio cha wachezaji wavivu. Angalia Rick Ankiel wa St. Louis Cardinals, timu ya besiboli ya Marekani. Oktoba 2000, akiwa na miaka 21 na akihesabiwa kati ya warushaji chipukizi bora Marekani, alirusha mipira mitano iliyompotea kabisa mdakaji wake ndani ya kipindi kimoja, tena kwenye mechi ya mchujo. Mkono ulikuwa mzima, kasi ilikuwepo, lakini mpira hauendi anakotaka. Hakuwahi kuwa mrushaji yuleyule tena. Aliporudi Cardinals 2007 alikuwa mpigaji, na mechi ya kwanza tu akapiga homurani, yaani pigo linalotoa mpira nje ya uwanja.

Sababu iko kwenye muda. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo mwili lazima ufanye kazi kwa mazoea. Mchezaji akianza kuwaza mkono wake unavyokwenda, anayavuruga mazoea hayo mwenyewe. Ndiyo maana wengi hurekebisha glavu na kuvuta pumzi ndefu kabla ya kila mpira. Wanaipa akili kazi ndogo isiingilie kubwa.

Ila si kila kesi ni woga. Baadhi huhusishwa na hitilafu ya neva inayokaza misuli bila hiari, na hapo kumwambia mtu "jiamini" ni kumwonea tu. Na kujiamini hakumfundishi mtu kupiga mpira asioujua.